Mtoto Kaingia Skauti, Baba Kafungwa Kamba

Karatasi za shule zinajua kuvizia. Haziji siku abiria wa Jumapili wamekulipa vizuri. Haziji umeshiba. Zinakuja jioni, pikipiki imekata mafuta, luku inalia, mama watoto kanuna kwa jambo ambalo hajanitajia na hana mpango wa kunitajia. Hapo ndipo binti anapotokea, kikaratasi kakishika kwa mikono miwili, sauti imejaa asali. "Shikamoo baba. Saini hapa."

Nikasaini. Mie nasaini kila kitu. Ya chanjo nimesaini. Ya uji nimesaini. Ya mahudhurio ya kikao ambacho sikwenda, nimesaini. Nilijua na hii ni ya dawa za minyoo. Asubuhi namsikia anawatangazia wenzake njiani: "Baba kakubali, naingia skauti!" Nikauliza ndani, kakubali baba yupi? Mama watoto akajibu bila kugeuza shingo kutoka kwenye sufuria: "Kwani humu mpo wangapi?"

Sasa jirani, mimi na wewe tunakaa Mikese hapa, malori yanatupita usiku kucha, tunajua nini kuhusu skauti? Mimi nilijua kitu kimoja tu: ni wale watoto wa kaki wanaomvisha mgeni rasmi skafu. Mwenge ukija, waziri akija, mkuu wa mkoa akija kufungua bomba, kabla bomba halijatoa hata tone lazima mkubwa ainame, mtoto amvishe skafu, apige saluti, kamera zilie. Basi, nikaanza hesabu zangu. Binti atamvisha skafu mtu mzito. Televisheni itaonesha. Kijiweni wataniuliza, "Yule si wako?" Nami nitajibu taratibu, naangalia pembeni, "Ee, ni wa kwangu yule." Nililala vizuri sana usiku ule.

Kijiweni ndiko walikoniharibia. Pale barabarani kila dereva wa bodaboda ni mtaalamu wa kila kitu isipokuwa kurudisha chenji. Mmoja akasema hiyo ni JKT ya watoto, si unaona Ngerengere hapo jirani wanajeshi tele, sasa wameanza na wadogo. Mwingine akasema ni chipukizi wa chama, kadi nitaikuta kwenye begi la madaftari. Wa tatu, ambaye tangu apate simu ya kupangusa kawa profesa, akashusha sauti: "Wanapeana mkono wa kushoto. Wanainua vidole vitatu. Jiulize mwenyewe." Nikajiuliza. Sikupata jibu. Abiria wawili wakapita kwa mwenzangu wakati najiuliza.

Jioni nikambana binti. Akaniambia nikae. Mtoto wa darasa la sita ananiambia nikae, nami nikakaa. Akasema skauti si jeshi, si chama cha siasa, na wa dini zote wamo. Vidole vitatu ni kwa sababu ahadi ina sehemu tatu: wajibu kwa Mungu na nchi, kuwasaidia watu, na kuzitii kanuni za skauti. Hakuna bunduki. Nikamuuliza, aliyeanzisha ni nani? Akasema jenerali. Nikaruka kwenye kigoda. Si nilisema jeshi!

Akaninyamazisha. Jenerali mwenyewe ni Mwingereza, Robert Baden-Powell, kazaliwa 1857. Katika vita vya Makaburu kule Afrika Kusini alizingirwa katika mji wa Mafeking siku 217, kuanzia 1899 mpaka 1900. Askari hawatoshi. Ikabidi wavulana wa mjini wapewe kazi ya kupeleka ujumbe huku na huku, kwanza kwa punda, baadaye kwa baiskeli, risasi zinavuma. Hapo nikamkatiza. Mwanangu, hao ni bodaboda! Magurudumu mawili, barabara mbaya, hatari tupu, malipo hayaeleweki. Ni sisi hao! Binti akanitazama kwa huruma. "Baba, wale walikuwa wanawahi."

Tangu hapo nikawa nakula ugali kwa kozi ya historia. Mwaka 1907 yule jenerali akapeleka wavulana 20 kambini kwenye kisiwa cha Brownsea, huko kwao. Mwaka uliofuata akatoa kitabu, na moto ukashika. Unguja skauti ikaingia 1912, Tanganyika 1917. Mzee mwenyewe alikuja kufia Nyeri, Kenya, Januari 1941, na kaburi lake liko hukohuko. Kwa hiyo akitokea mtu akakwambia haya ni mambo ya juzi ya shule za kulipia, mwambie yamemzidi umri babu yake. Leo skauti duniani wamepita milioni 50. Na Skauti Mkuu wa nchi yetu anateuliwa na Rais, si mchezo. Mimi niligombea uweka hazina wa kijiwe, nikashindwa, na sikuwa na mpinzani.

Wasichana, kama unajiuliza, wana chama chao cha Girl Guides, lakini hata skauti wanapokelewa. Kwa binti yangu wamegawanywa katika makundi madogo ya watoto sita mpaka wanane, kila kundi na kiongozi wake mtoto mwenzao. La kwake anaongoza yeye. Sikushangaa. Nyumbani ameshaongoza siku nyingi, alikuwa anasubiri sare tu.

Sare! Hapo ndipo utakapojua una mtoto. Shati la kaki, mkanda, kofia, soksi, filimbi, skafu, na kile kiringi cha kubania skafu ambacho ukikiona utasema hakiwezi kuzidi mia tano, kisha usikie bei. Nikasema mimi si mjinga. Nikapanda mpaka Morogoro mjini, nikaingia kwenye mitumba, nikachambua mpaka mgongo ukalia, nikapata shati la kaki safi, vifungo vyote vipo, mfuko una kifuniko. Nikalileta kwa maringo. Kumbe mgongoni lina maandishi ya kampuni ya ulinzi ya nchi gani sijui. Binti kalivaa kwenye gwaride. Mwalimu akamuuliza kama amekuja skauti au amekuja kulinda.

Mzazi mwenzangu, kabla hujakimbia mjini muulize kiongozi wa pale shuleni: kipi kinatakiwa sasa, kipi kitasubiri? Maana mtoto havishwi skafu siku ya kwanza. Kwanza anajifunza ahadi, kanuni, salamu, mafundo na hizo habari za Mafeking. Ndiyo baadaye anakula ahadi mbele ya wenzake na kuvishwa. Fundi cherehani wa hapa hapa kijijini anaweza kukushonea shati kwa bei ya kibinadamu. Na kila hela unayotoa, ya usajili, ya kambi, ya nini, omba risiti. Mimi niliambiwa "utaletewa", nikasema sawa. Nasema sawa sana. Mama watoto alikwenda kesho yake, akarudi nayo.

Ikaja siku ya wazazi kukutana na kiongozi. Kijana mdogo, mwalimu, nadhifu, skafu shingoni. Wazazi tumepanga foleni. Ilipofika zamu yangu akaninyooshea mkono wa kushoto.

Jirani, mimi nimelelewa na bibi. Kwa bibi mkono wa kushoto una kazi yake maalumu, na kazi yenyewe haifanyiki mbele za watu. Ukimpokea maji kwa kushoto unakula kibao, kisha unapokea tena kwa kulia, kisha unasema ahsante kwa kile kibao. Sasa mwalimu wa mwanangu ananipa kushoto, watu wanaangalia. Nikatoa kulia. Mikono ikapishana hewani. Nikamshika kifundo. Akacheka kidogo, akageuza. Na mimi nikageuza. Tukapishana tena. Nikaona isiwe tabu, nikampa yote miwili. Yeye kumbe ameshakata tamaa, kapiga saluti. Nikapiga na mimi saluti, nimesahau kuwa helmeti nimeishika mkononi. Ikanigonga hapa juu ya jicho, mlio ukasikika mpaka ofisini. Kwenye foleni nyuma mama mmoja akasema, "Pole baba nanihii," na wote wakajua mimi ni baba wa nani.

Binti alinieleza tukiwa njiani, nimebandika jani la baridi kwenye uvimbe. Skauti dunia nzima wanapeana kushoto. Hadithi inayosimuliwa ni ya Ashanti, Ghana ya leo: mpiganaji ngao anaishika kwa kushoto, kwa hiyo kukupa mkono huo ni kuiweka ngao chini, maana yake nakuamini. Hadithi nzuri. Ila mwambieni mtoto mapema kuwa salamu hiyo ni ya skauti kwa skauti, haisafiri. Mama mkwe wangu alishuka kutoka Kinole na kapu la matunda, mjukuu akamkimbilia kwa bashasha, mkono wa kushoto mbele. Mama mkwe hakumuuliza mtoto kitu. Alinigeukia mimi.

Halafu kuna kanuni. Gwaride utalizoea, sare utalipa, lakini kanuni zinakuja kuishi kwako na hazichangii kodi. Ya kwanza ni kwamba skauti ni mtu wa kuaminika. Nikaona vizuri, tutaacha sukari nje. Akaja yule bwana anayenidai, wa vipuri. Nilimwona kwa mbali, nikampa binti maelekezo yale yale ya siku zote, sema baba kasafiri. Nikaingia chumbani. Namsikia mdai anauliza, baba yupo? Namsikia skauti wangu, sauti kavu ya gwaride: "Yupo. Yuko chini ya kitanda, kaingia ulipozima pikipiki." Nikatoka na buibui kichwani. Nikasema nilikuwa natafuta spana. Mdai akasema, itafute hela.

Kuna tendo jema la kila siku. Skauti asilale hajamsaidia mtu. Mchana anasahau, anakumbuka saa tatu usiku, nami ndiye mtu wa karibu. Kaniamsha aninyooshee mto. Kanifulia koti la kazi bila kuambiwa, na leseni ndani, na noti ya elfu kumi ndani, nikazianika pamoja kwenye kamba. Mwenye leseni nyepesi kuliko yangu ajitokeze. Na katika kanuni alizoandika Baden-Powell mwenyewe imo moja kwamba skauti hutabasamu na kupiga mluzi shida inapomkuta. Luku ikaisha usiku. Giza. Mtoto akaanza mluzi. Mama watoto akapiga ukelele, "Unatuitia nyoka!" Mie nimeshapanda juu ya meza, nikiwa mwanaume wa nyumba.

Hata ndoto yangu ya mgeni rasmi imekufa kwa kanuni. Nilisikia kuna ziara inakuja, nikamchagua jogoo mmoja wa maana, nikamnong'oneza binti kwamba huyu tumpelekee mwalimu, ili siku ya skafu asisahau sura yako. Akanitazama mpaka jogoo naye akaona aibu. Kumbe Takukuru wana ushirikiano na skauti, vijana wanafundishwa habari za rushwa tangu wakiwa wadogo. "Baba, hiyo ni rushwa." Nikamwambia ni zawadi. Akasema, "Zawadi haina siku ya skafu ndani yake." Jogoo yupo mpaka leo, ananiwikia dirishani saa tisa.

Mafundo ndiyo yaliyoniuma zaidi, maana kufunga mizigo ni kazi yangu. Mikungu ya ndizi, viroba, kitanda na godoro lake, mbuzi, vyote nimefunga kwa mpira wa tyubu na vimefika. Vingi vimefika. Siku moja nafunga mikungu miwili ya abiria, binti kasimama pembeni, mikono nyuma. "Baba, hilo si fundo. Hilo ni tatizo." Abiria kacheka. Mtoto akatoa kamba ya manila mfukoni, ndiyo, anatembea nayo, akanionesha: ncha ya kulia juu ya kushoto, pitisha chini, halafu ya kushoto juu ya kulia, pitisha chini. Vuta. Fundo likalala bapa, limetulia, na kulifungua ni kusukuma ncha zirudi ndani tu. Akasema ndilo la kufungia bandeji, kwa sababu halimchomi mgonjwa. Nikajaribu. Kulia juu ya kushoto, chini. Tena kulia juu ya kushoto. Likateleza. Nikajaribu. Nikafunga kidole. Abiria akasema, mwache mtoto afunge, mimi nina haraka. Nikapanda pikipiki yangu nikiwa dereva tu.

Kuna mambo nayapita haraka, kwa mfano lile duara la majivu lenye nukta katikati nililolikuta mbele ya mlango wangu alfajiri. Nilifunga mlango, nikatokea dirishani, nikamwaga chumvi, nikaanza kuwahesabu majirani wanaonionea wivu. Hawakuzidi sifuri. Kumbe ni alama za njia, wanacheza kufuatana maporini: mshale maana yake pita huku, msalaba usipite, duara lenye nukta maana yake mchezo umekwisha, nimekwenda nyumbani. Hata kaburi la Baden-Powell kule Nyeri lina alama hiyohiyo. Mwenyekiti wa kitongoji nilikuwa nimeshampigia. Tuyaache.

Nikueleze ya machela. Maana wewe najua umesikia ya kijiweni, hujasikia ya kwangu.

Walikuwa na zoezi la huduma ya kwanza. Wanahitaji majeruhi. Wanahitaji mtu mzima, mzito, asiye na kazi mchana. Binti akanitaja mara moja. Nikalazwa chini ya mwembe. Mkono wa kulia ukatundikwa shingoni kwa skafu, maana lile likitambaa la pembe tatu ndiyo kazi yake nyingine. Mguu ukafungwa mbao mbili, huku na huku. Kichwa bandeji mpaka nyusi. Kisha wakachukua fito mbili imara, wakazipitisha kwenye mikono ya mashati mawili yaliyofungwa vifungo, machela ikawa tayari. Moja ya yale mashati ni lile la mlinzi. Wakanipandisha. Watoto wanne, wawili mbele wawili nyuma, na binti pembeni anapuliza filimbi.

Zoezi lilitakiwa kuishia kwenye kisima. Njia ya kisimani inapita kibanda cha Mangi. Na kijiwe chote kilikuwa kwa Mangi.

Ukimya uliingia. Mtu akasema, "Hatimaye!" Sikumwona nani, jicho moja lilikuwa ndani ya bandeji, lakini sauti naijua. Profesa wa simu akasema alishasema ile breki ya nyuma. Mmoja akasema niliendesha vibaya ila nilikuwa na roho nzuri, mwenzake akamsahihisha kwamba roho ilikuwa ya kawaida. Wananizungumzia kwa wakati uliopita, jirani, na mimi ninapumua! Watoto wakanitua chini wapumzike. Nikafumba macho kwa aibu. Ndiyo nikasikia kofia inazunguka. Mangi katoa elfu tano. Elfu tano! Mangi ambaye hajawahi kuniongezea hata pipi. Ikazunguka, ikafika elfu kumi na tano. Nikaona si vizuri kufumbua macho ghafla, nitawashtua watu. Ikafika elfu kumi na nane. Mtu kampigia mama watoto, namsikia kwenye spika anauliza, "Pikipiki imepona?"

Elfu ishirini. Hapo binti akapiga hatua mbele, miguu pamoja, saluti. "Haumwi. Ni mazoezi."

Hela zilirudi kwa wenyewe haraka kuliko zilivyotoka. Mangi akanikumbusha deni la unga, na mimi bado nimefungwa mbao. Watoto kwa hofu wakasahau kunibeba. Nilirudi nyumbani narukaruka kwa mguu mmoja, na mafundo yale, nakuhakikishia, hayakulegea.

Sasa kuna kambi. Likizo ya Juni, wanapanda Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, upande wa Morningside, kule kwenye ile nyumba ya zamani ya Wajerumani. Imekuja karatasi nyingine. Hii nimeisoma, nimekaa, chai pembeni. Inataka saini ya mzazi au mlezi. Nimechukua kalamu, mama watoto akaniambia ngoja kwanza. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mimi hapa ni mtu wa kuja. Lazima mjomba aseme. Shemeji kaja, kakaa kwenye kiti changu, kala kuku, si yule jogoo, kasoma karatasi mara mbili, kaiona ina maana. Akaidhinisha. Kisha akanisukumia sehemu ya malipo. Hiyo ndiyo yangu.

Kikao cha kambi niliuliza swali moja: wazazi watapewa soda? Watu walicheka, nikakaa. Nyuma yangu kuna mama mmoja, anauza chapati pale barabarani, hajawahi kuongea kwenye kikao. Akasimama. Usiku nani analala na watoto? Wasichana wana kiongozi mwanamke atakayelala huko, au anakuja mchana na kuondoka? Kuna mtu mzima yeyote anayeruhusiwa kukaa peke yake na mtoto mmoja, pembeni? Viongozi wamefundishwa na Chama cha Skauti, wamesajiliwa, majina yao yapo wilayani? Kibali cha kambi kiko wapi, tukione. Gari gani inawapeleka, isije ikawa tipa la mchanga. Mwenye pumu dawa yake anaishika nani. Kituo cha afya cha karibu kipi, na kadi za bima zinakwenda au zinabaki. Mtoni wanaingia, nani anawaangalia. Na simu gani nipige saa nane usiku.

Mimi natikisa kichwa kila swali, nijifanye tulipanga wote.

Yule mwalimu kijana alijibu moja moja. Hakununa. Watu wazima wawili au zaidi wakati wote, akasema. Kiongozi mwanamke yupo. Kibali hiki hapa, kipitisheni mkono kwa mkono. Ambapo hakuwa na jibu aliandika, akaleta wiki iliyofuata. Nami hapo utani naweka chini kidogo, jirani. Kiongozi wa skauti anayekasirika kuulizwa maswali yale, mtoto abaki nyumbani acheze kombolela. Na anayemwambia mtoto "hili usimwambie mama", huyo usimngoje hata amalize sentensi.

Basi, utani naupandisha tena. Mzigo. Blanketi zito, maana Juni kule juu si joto letu la huku chini. Chandarua. Sahani, kikombe, tochi, kamba, viatu vilivyofunika vidole, sweta, koti la mvua. Nikasema begi nitalibeba mimi mpaka kwenye gari. Mwalimu akasema hapana, skauti anabeba mzigo wake. Kama hawezi kuubeba, apunguze. Nikamwambia mwalimu hujui ulipo. Hapa Mikese kubeba ni asili. Mwaka 1916 Waingereza walipokuwa wakimfukuza kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, stesheni yetu hii ndiyo iliyokuwa bohari yao, shehena zinateremshwa kwenye treni, zinapelekwa kusini kuelekea Kisaki na Rufiji, na waliokatika mabega ni wapagazi Waafrika, maelfu kwa maelfu. Hao Carrier Corps ndio walioiachia Dar es Salaam jina la Kariakoo. Mwalimu akasikiliza kwa heshima zote. Akasema, "Na hakuna aliyewauliza kama wanataka, mzee. Huyu anataka mwenyewe." Binti akalitupia begi mgongoni, akafunga mkanda wa kifua, akatembea. Mimi nimebaki nimeshika kifuko cha mihogo ya kukaanga, nacho akaja kukichukua.

Nikuombe kitu basi, kabla sijapata abiria. Tochi yangu haiwaki. Blanketi letu zito ni moja na mama watoto kalikatalia. Koti la mvua sina. Kama unavyo, niazime mpaka kambi iishe. Najua unachofikiria, ile spana yako. Mimi usiniamini. Lakini tochi atakurudishia binti, tena na betri zake.